HUZUNI ISIYO NA SABABU: KUTOKA BALKH MPAKA ZAHANATI YA MTAANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa la leo ni refu. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha akiwa ametulia.

Katika wiki mbili hizi nimeletewa swali moja na watu watatu tofauti, wote kwa faragha. Mmoja ni mama anayeuza vitenge, mmoja ni kijana wa chuo, na wa tatu ni imamu mwenzangu. Wanauliza: Muislamu anayeswali, anayesoma nyuradi zake asubuhi na jioni, akienda hospitali kwa sababu ya huzuni na wasiwasi usiokwisha, si ndiyo amekiri kwamba imani yake ni haba? Ningeweza kujibu kwa neno moja, hapana. Lakini neno moja halimtoi mtu kitandani. Kwa hiyo nitasimulia historia, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Tuna muadhini msikitini kwetu, mzee wa miaka sitini na ushei. Ameadhini zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka yote hiyo mtaa mzima ulikuwa ukiamka kwa sauti yake. Kisha akaanza kukosa Alfajiri. Mara moja kwa wiki, baadaye mara tatu. Hakufiwa, hakudaiwa, nyumbani kwake hakuna ugomvi. Nilipomuuliza alisema, "Sheikh, kichwa kinaniwaka moto, na nikilala moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa." Alikuwa amekwisha kutibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja. Nikamsomea ruqya. Sijutii kumsomea, Qur'ani ni shifaa. Najutia kwamba nilipomaliza kusoma sikumuuliza kitu kingine. Nilimwambia aongeze istighfari, nikaondoka.

Miezi miwili ikapita. Ijumaa moja nikatoa khutba juu ya uvivu wa ibada. Nikaitaja ile dua mashuhuri iliyopokewa na Anas ibn Malik (r.a.), ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa akiiomba kwa wingi, akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na uvivu. Nikalishikilia neno hilo, al-kasal, nikalipiga kwa dakika kumi nzima. Sikumtaja mtu jina. Lakini mtaa wetu ni mdogo, na vichwa viligeuka kwenye nguzo ya tatu, pale anapokaa mzee wetu. Aliinama. Baada ya hapo hakuja msikitini kwa wiki mbili.

Sasa tuitazame dua yenyewe, maana hapo ndipo aibu yangu ilipo. Uvivu ni neno la nne katika dua ile. Kabla yake yako matatu: al-hamm, al-hazan, na al-ajz, yaani kushindwa. Wanachuoni wetu, akiwemo Ibn al-Qayyim, wameeleza kwamba al-hamm ni dhiki ya moyo kwa jambo linalokuja, na al-hazan ni dhiki kwa jambo lililopita. Kwa lugha ya zahanati za leo, la kwanza liko karibu na maradhi ya wasiwasi, la pili liko karibu na sonona. Mtume (S.A.W.) alianza na hayo mawili, kisha kushindwa, ndipo uvivu. Mimi nilimhukumu mtu kwa neno la nne bila kumuuliza kama amepatwa na la kwanza au la pili.

Na wala huzuni si aibu katika dini hii. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani inatusimulia hayo katika Sura Yusuf bila kumlaumu. Mwaka alipofariki Bibi Khadija (r.a.) na Abu Talib, wanahistoria wa Sira wanauita Mwaka wa Huzuni. Bibi Aisha (r.a.), kukiwa na msiba nyumbani, alikuwa akiamrisha ipikwe talbina, uji wa shayiri, kwa sababu alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa na kupunguza huzuni. Tazameni hapo: moyo una huzuni, na dawa inapita tumboni. Nyumba ya Mtume haikuona ajabu katika hilo.

Sasa twende Balkh.

Balkh ni mji wa kale ulioko kaskazini ya Afghanistan ya leo. Karibu yake, katika kijiji cha Shamistiyan, alizaliwa yapata mwaka 850 wa Miladi mtu aitwaye Abu Zayd Ahmad ibn Sahl al-Balkhi. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto, kama walimu wengi wa madrasa tunaowajua. Alipokuwa kijana alikwenda Iraq kutafuta elimu, akakaa miaka, akasoma kwa al-Kindi, kisha akarudi kwao. Alifariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladi. Wanajiografia wanamjua kwa ramani, kwani wako waliochora nchi za Kiislamu kwa kufuata njia yake mpaka wakaitwa skuli ya Balkhi. Kwetu sisi leo cha maana ni kitabu chake kingine, Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi.

Inasimuliwa kwamba mtawala wa Bukhara alimwita mtu huyu aende kumsaidia kwa rai zake. Akasafiri mpaka ukingoni mwa mto Jayhun. Alipoona upana wake na mawimbi yake, akageuka. Akamwandikia mtawala barua yenye maana hii: umeniita kwa sababu ya akili yangu, na lau ningeuvuka mto huu ingekuwa ushahidi kwamba akili sina. Mimi hucheka kila ninapoikumbuka habari hii. Lakini nadhani mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa maji na miguu ikakataa ndiye anayefaa kuandika mlango wa khofu.

Kitabu chake kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwili: makazi, maji, chakula, usingizi, mazoezi. Ya pili ni ya nafsi, na ina milango minane. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwamba wanajua kupunguza damu na kupanga vyakula, lakini maradhi ya nafsi hawayagusi, ilhali mwili na nafsi vimefumana kama nyuzi za mkeka. Mwili ukiugua, fahamu hupungua na mtu hukosa ladha ya mambo. Nafsi ikiugua, mwili nao hukosa raha, na mwisho unaweza kuumwa kweli. Akayagawa maradhi ya nafsi katika ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi wa mawazo yanayojirudia.

Kwenye huzuni ndipo alipofanya jambo kubwa. Alisema ziko huzuni mbili. Moja ina sababu inayojulikana: umefiwa, umepoteza mali, umekosa ulichokipenda. Hiyo dawa yake ni maneno na fikra: kuliwazwa na watu kwa nje, na kwa ndani kujizungumzia mwenyewe mambo ya kuitia nafsi nguvu. Ya pili haina sababu inayojulikana. Mtu anafunikwa na kiza tu, hana hamu ya kazi wala ya starehe, na ukimuuliza ana nini hajui. Hii, akasema, asili yake iko mwilini, kwenye damu, na pamoja na kumliwaza mtu itafutiwe dawa ya mwili. Yeye alidhani ni ubaridi na uchafu wa damu. Leo hakuna daktari anayepima ubaridi wa damu, na ile elimu ya damu aliyoitegemea imekwisha kuachwa. Ila kule kugawa kwenyewe, kwamba yupo mtu mwenye huzuni ambaye hana kosa wala msiba wa kuutaja, kulikuwa sahihi kiasi kwamba kungeniokoa mimi na khutba yangu.

Alishauri pia kitu cha busara: kama mtu mzima anavyoweka dawa ndani ya nyumba kabla hajaugua, basi na aweke akiba ya fikra njema akiwa mzima, apate kuzitumia siku ya dhiki. Ndugu zangu, ukimsikia mshauri wa hospitali leo anamwambia mgonjwa aandike mawazo yake mabaya na ayajibu, ujue anatumia njia ambayo huyu mzee wa Balkh angeifahamu.

Hapa nataka tahadhari. Huku mitandaoni wapo wanaoandika kwamba al-Balkhi aligundua kila kitu na wazungu wakaiba. Si kweli, na uongo hauipi dini heshima. Kitabu chake hakikuibiwa, sisi tulikisahau. Kilibaki kwenye nakala za mkono huko Istanbul mpaka mwaka 1984, Fuat Sezgin, mwanachuoni wa Kituruki aliyekuwa Frankfurt, alipoitoa nakala ya maktaba ya Ayasofya kwa picha. Aliyekifikisha kwa wasomaji wengi wa leo ni Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan aliyefariki mwaka 2021. Aliifasiri ile sehemu ya nafsi kwa Kiingereza, ikachapishwa 2013. Miaka zaidi ya elfu moja! Katika muda huo wote tumeandika kombe mangapi?

Pamoja na hayo, nafsi haikuachwa kabisa. Waislamu walijenga mabimaristani, hospitali za wakfu. Ile ya Nur al-Din pale Damascus ya mwaka 1154, ile ya Sultan Qalawun Cairo ya 1284, ile ya Arghun mjini Aleppo ya 1354 yenye nyua na chemchemi za maji. Wagonjwa wa akili walipewa sehemu yao ndani ya hospitali ile ile, hawakutupwa nje ya mji, na matibabu yalilipwa na wakfu. Tusijisifu kupita kiasi, kwani minyororo nayo ilikuwepo kwa waliokuwa wakali. Wakfu uliposhuka, na hospitali zikashuka.

Na huku kwetu pwani? Sisi mfumo wa hospitali ya akili tuliupata kwa wakoloni. Wamisionari wa Kijerumani walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Zilikuwa nyumba za kuwaweka watu mbali. Ndiyo maana mpaka leo hapa Tanzania mtu akifanya jambo la ajabu huambiwa arudishwe Mirembe. Madaktari na wauguzi wa Mirembe wanafanya kazi kubwa, Allah awalipe, lakini jina limekuwa tusi. Kwa hiyo muadhini wetu alikuwa hana mlango. Kwa Mirembe hakuwa mwendawazimu, anajua siku na anajua jina la mkewe. Kwa zahanati hakuwa mgonjwa, kipimo cha malaria kikija safi anarudishwa nyumbani. Kwangu mimi alikuwa mvivu.

Watu kama yeye ni wangapi? Swali hili liliulizwa kwa utaratibu miaka ya 1970, na moja ya nchi zilizohusika ni ya Waislamu wenzetu, Sudan.

Sudan ilikuwa imetangulia. Alikuwepo huko Dkt. Tijani al-Mahi, aliyezaliwa mwaka 1911, akasomea magonjwa ya akili London, akarudi kufungua kliniki Khartoum Kaskazini. Hakuwadharau masheikh wanaosomea watu. Alikuwa akiwatembelea, akizungumza nao, akijifunza nini wanaona kwa wagonjwa wao. Alifariki mwaka 1970. Huyu ningependa maimamu wenzangu wamsome, maana alitujia na sisi hatukumfuata.

Basi Shirika la Afya Duniani likafanya uchunguzi katika vituo vidogo vya afya vya nchi nne: Sudan, India, Ufilipino na Colombia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Walipimwa wagonjwa 1,624 waliokuja kwa shida zao za kawaida. Kati yao 225 walikutwa na maradhi ya akili, karibu 14 katika kila 100, na wengi wao mno walikuwa na aina hizi za huzuni na wasiwasi, si wazimu. Walikuja wakilalamikia nini? Kichwa, tumbo, kikohozi, udhaifu wa mwili. Na wahudumu wa vituo waliwatambua theluthi moja tu. Theluthi mbili walirudi nyumbani na vidonge vya kichwa.

Ndugu yangu, soma tena aya hiyo, kisha mfikirie mama yako anayesema kila siku "mwili hauna nguvu" na vipimo vyote ni safi.

Si kwamba watu wanadanganya. Kichwa kinauma kweli, moyo unakwenda mbio kweli. Al-Balkhi aliiona fumano hiyo. Lakini mhudumu aliyefunzwa kutafuta vijidudu atatafuta vijidudu. Bila swali, ugonjwa huu hauonekani.

Dawa kwa wakati huo zilikuwa zimekwisha kupatikana, tena kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, New York, dawa mpya ya kifua iitwayo iproniazidi iliwafanya wagonjwa wachangamke kuliko ilivyotarajiwa, na picha za magazeti zikawaonyesha wakicheza wodini. Miaka michache baadaye daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, aliona imipramini inawainua watu wenye huzuni nzito, akatangaza mwaka 1957. Ikafuata amitriptilini, na mwishoni mwa miaka ya 1980 fluoksetini. Hizi mbili za mwisho ndizo mgonjwa wa kwetu ana nafasi kubwa ya kukutana nazo. Upande wa wasiwasi ikaja Valium mwaka 1963, na hapo watu walivuka mipaka: ilitolewa kama pipi, na wengi wakashindwa kuiacha. Kwa hiyo mwenye wasiwasi akiambiwa na muuza duka la dawa "chukua hii ya usingizi, meza kila siku", asikubali mpaka amwone daktari.

Sasa swali lenyewe. Mwaka 2001 Wamarekani watatu, Robert Spitzer, Kurt Kroenke na Janet Williams, walichapisha dodoso la maswali tisa linalojulikana kwa jina la PHQ-9. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili, mwili kuwa mzito au kutotulia, na la tisa, mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 27. Alama 10 na kuendelea zinamtaka mhudumu asimame, amchunguze mtu vizuri. Mwaka 2006 likafuata la wasiwasi lenye maswali saba, GAD-7. Niseme na hili ili tusiwe wajinga: kazi ile ya maswali tisa ilifadhiliwa na kampuni ya dawa, Pfizer, iliyokuwa na dawa zake za sonona za kuuza. Mwenye shaka ana haki ya kuwa na shaka. Lakini dodoso lenyewe linatumika bure, limejaribiwa na watu wengi wasio wa kampuni hiyo, na halikulazimishi umeze kitu.

Wala alama si hukumu. Mhudumu mzuri akiona 12 hakimbilii dawa. Anauliza kama umefiwa juzi. Anapima damu kama imepungua, anaangalia sukari, anafikiria tezi ya shingo, kwani hizo zote huchosha mwili na kuiga sonona. Anauliza kama kuna vipindi ulikuwa na nguvu kupita kiasi, hulali, unatumia fedha ovyo, unaongea bila kituo. Mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupandishwa akawa hatari kwa nafsi yake. Na sonona nyepesi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vidogo unasema ianze kwa mazungumzo na ushauri, si vidonge.

Mazungumzo na nani, na wataalamu hawapo? Hili lilimkuta Dkt. Dixon Chibanda wa Zimbabwe. Amesimulia mwenyewe hadharani kwamba alimpoteza mgonjwa wake kijana, aliyejiua, kwa sababu familia haikuwa na nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, kwenye mtaa wa Mbare, Harare, akaanza na alichopewa: akina bibi 14, wahudumu wa afya wa kujitolea, na benchi nje ya zahanati. Bibi anamsikiliza mtu, wanachagua tatizo moja, wanatafuta njia, anarudi tena, vikao sita. Wanatumia dodoso lililotengenezwa kwa Kishona, ambalo lina neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Msikilizeni huyo Mshona, na sisi tunasema "nina mawazo". Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulifuata watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu 14 katika kila 100. Waliopata huduma ya kawaida, karibu 50. Benchi hilo limefika Malawi, na limefika Zanzibar.

Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza msikiti wetu una mabenchi mangapi barazani, na wazee wangapi wanaokaa pale kuanzia Alasiri mpaka Magharibi.

Turudi kwa muadhini. Zile wiki mbili zilipotimia, binti yake alimpeleka zahanati, safari hii si kwa malaria bali kwa sababu alikuwa hali. Mimi nilikwenda kumtazama, nikakuta wamekwisha toka, nikawafuata. Mhudumu alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Alimwamkia, "Shikamoo babu," akasogeza kiti chake upande wa mzee, akaanza kumuuliza taratibu, moja moja. Mzee aliniruhusu nibaki. Alijibu kwa kichwa. Lilipofika la tisa, binti hakuinamisha macho wala hakupunguza sauti. Alimuuliza kama katika wiki mbili hizi amewahi kuona bora afe.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Siku nyingi, mwanangu. Na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Mimi nilikuwa nimekaa naye baina ya Magharibi na Isha miaka ishirini.

Alama zake zilikuwa 17. Binti hakumwacha aondoke hivi hivi. Aliuliza kama amepanga lolote, akasema hapana. Aliuliza nani analala naye nyumbani. Alimwita tabibu, wakampima damu na sukari, wakampa amitriptilini ya wiki moja tu, na akamkabidhi binti yake aishike, kwa kuwa vidonge hivyo vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua. Na hapa nasema na wewe unayesoma: kama jibu lako kwa swali la tisa ni ndiyo, mwambie mtu leo hii, nenda hospitali leo, usingoje Ijumaa. Na ukiambiwa wewe na ndugu yako, usimsomee mawaidha ya adhabu ya kaburi. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke. Kumuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana, hilo madaktari wamelichunguza.

Dawa haikufanya kazi kesho yake. Wiki ya kwanza alilala mpaka jua likapanda, Alfajiri akaiswali alipoamka, na mdomo ukamkauka kama wa mwenye saumu. Kwa muadhini mdomo mkavu si jambo dogo! Alitaka kuiacha. Binti wa zahanati akamwambia avumilie, ndiyo tabia yake, na baada ya wiki tatu nne ataona tofauti. Kila wiki alikwenda kuzungumza naye. Mimi kazi yangu ilikuwa kutembea naye baada ya Alasiri mpaka ufukweni na kurudi. Ruqya niliendelea nayo, maana sijaona mahali dawa na Qur'ani zilipogombana. Ramadhani ilipoingia, daktari alimhakikishia kwamba kidonge ni cha usiku, hakigusi funga.

Wiki ya tano alikula chakula chote kilichokuwa kwenye sahani. Mkewe alinipigia simu kuniambia hilo tu.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi kwa ile khutba. Nilimweleza habari ya maneno manane ya dua, na kwamba nililishika la nne. Alinisikiliza, akasema, "Sheikh, mimi nilikuwa nayasoma yote manane kila siku. Nilikuwa sijui tu kwamba lile la pili ni mimi."

Anaadhini tena, Dhuhuri na Alasiri. Alfajiri anaadhini kijana wake mpaka mzee atakapoambiwa na daktari apunguze dawa, na hilo si karibuni, kwa kuwa ameelezwa aendelee nayo miezi tisa mpaka mwaka baada ya kupona, asiikate ghafla. Hubeba chupa ndogo ya maji mpaka kwenye kipaza sauti. Watoto wa madrasa wanamuuliza ya nini, naye anawaambia ni ya koo.

Wallahu a'lam. Maswali yaleteni, ya faragha yaleteni kwa faragha. Majina ya watu siandiki, na hili la leo nimelisimulia kwa idhini ya mwenyewe.